Kutoka Kunyoosha hadi Kuzungusha: Mageuzi ya Vifaa vya Upasuaji wa Kurekebisha Uti wa Mgongo Uliopinda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mageuzi ya vifaa vya upasuaji wa kurekebisha uti wa mgongo uliopinda, kuanzia ufito wa Harrington hadi skrubu za vikonyo. Hoja kuu ni kwamba kila kifaa kimebeba tafsiri ya ulemavu wenyewe, kwani mbunifu hurekebisha kile anachokiona kuwa kimeharibika. Aidha, makala yanaonesha kuwa ongezeko la nguvu ya kurekebisha limeandamana na hatari kwa ugwe wa mgongo, na hivyo kulazimu kubuniwa kwa njia za kuulinda.

1.0 Utangulizi

Uti wa mgongo wenye afya, ukitazamwa kwa nyuma, huonekana umenyooka. Ukitazamwa kwa ubavu, huwa na mabonyeo na mabinuko ya asili yanayouwezesha mwili kusimama kwa mizani. Skoliosisi ni hali ya uti kupinda upande, na hutambuliwa pale pembe ya Cobb, iliyoelezwa na John Cobb wa New York mwaka 1948, inapofikia angalau nyuzi 10 katika picha ya eksirei. Kaifosisi iliyokithiri ni kule kubinuka kuelekea nyuma ambako wasemaji wa Kiswahili hukuita kibiongo.

Katika makala haya, ugwe wa mgongo ni mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya mfereji wa pingili, na kikonyo ni daraja fupi la mfupa linalounganisha sehemu ya mbele ya pingili na sehemu yake ya nyuma. Vifaa navyo vimegawanywa katika makundi mawili: vipandikizi, ambavyo hubaki mwilini, na zana za mkono, ambazo daktari huzitumia kuvipandikiza.

Kabla ya vipandikizi, tiba ilitegemea mfupa na plasta. Mwaka 1911 Russell Hibbs wa New York alichapisha mbinu ya kuunganisha pingili ili ziwe mfupa mmoja. Mbinu hiyo ililenga kuzuia mpindo usiendelee. Kazi ya kunyoosha iliachiwa plasta ya jasi iliyozungushiwa kiwiliwili, na mgonjwa alilala kwa miezi mingi.

2.0 Ufito wa Harrington: ulemavu kama ufupi

Paul Harrington wa Houston, Texas, alikabiliwa na watoto waliodhoofishwa na polio, baadhi yao wakiwa na upumuaji hafifu kiasi cha kutomudu plasta. Katika makala yake ya mwaka 1962 alieleza ufito wa chuma cha pua uliowekwa upande wa ndani wa mpindo, ukishikwa na kulabu mbili, moja juu na nyingine chini. Ufito huo ulikuwa na meno, na kulabu ilisogezwa jino baada ya jino, mithili ya jeki inayoinua gari.

Kifaa hiki kiliuona mpindo kama ufupi unaohitaji kurefushwa. Matokeo yalikuwa makubwa, lakini kasoro tatu zilijitokeza. Kwanza, mzigo wote ulibebwa na ncha mbili, hivyo kulabu zingeweza kuchomoka na ufito kuvunjika. Pili, kurefusha hakukuugusa msokoto wa pingili. Tatu, kuvuta kwa urefu kulifuta bonyeo la asili la kiuno. Baadhi ya wagonjwa, miaka mingi baadaye, waliinama mbele na kulazimika kukunja magoti ili wasimame wima. Harrington mwenyewe alianza bila kuunganisha pingili, kisha akalazimika kufanya hivyo, kwa kuwa chuma kinachopindwapindwa kila siku hatimaye huchoka. Chuma hushikilia kwa muda tu. Kinachodumu ni mfupa ulioungana.

3.0 Nyaya za Luque: kifaa na maisha ya mgonjwa

Katika miaka ya 1970, Eduardo Luque wa Mexico City alihudumia wagonjwa wengi maskini waliotoka mbali. Kwao, plasta iliyovaliwa kwa miezi katika joto na kuhitaji marejeo ya mara kwa mara hospitalini haikuwa tiba inayotekelezeka. Luque alitumia fito mbili, akazifunga kwa nyaya zilizopitishwa chini ya bamba la nyuma la kila pingili. Mzigo uligawanywa katika pingili nyingi, na haja ya plasta ikapungua sana. Hata hivyo, nyaya hizo zilipita ndani ya mfereji wenyewe, jirani kabisa na ugwe. Hivyo basi, kilichookolewa kwa kuacha plasta kililipiwa kwa hatari ya kudhuru fahamu.

4.0 Cotrel na Dubousset: ulemavu wa pande tatu

Mwaka 1984 Wafaransa Yves Cotrel na Jean Dubousset walichapisha mfumo uliotokana na mtazamo tofauti: skoliosisi ni msokoto wa pande tatu kwa pamoja. Ufito ulikunjwa kufuata mpindo, ukaingizwa katika kulabu nyingi, kisha ukazungushwa takribani nyuzi 90. Kwa mzunguko huo, mpindo uliokuwa wa upande uligeuzwa kuwa binuko la asili la kifua. Baadaye ilibainika kuwa mzunguko wa ufito haukuusokotoa mgongo kwa kiwango kilichotarajiwa. Pamoja na hayo, mtazamo wa pande tatu ulibaki kuwa msingi wa mifumo iliyofuata.

5.0 Skrubu za vikonyo na zana zake

Raymond Roy-Camille wa Paris alianza kutumia skrubu za vikonyo mwaka 1963. Mwaka 1995 Se-Il Suk na wenzake wa Korea Kusini walichapisha matumizi yake katika pingili za kifua kwa wagonjwa wa skoliosisi. Tofauti na kulabu, skrubu hushika pingili kuanzia nyuma hadi mbele, na hivyo humwezesha daktari kuizungusha pingili moja moja.

Hapa ndipo zana za mkono zinapodhihirisha umuhimu wake. Misuli hutenganishwa na mfupa kwa patasi butu iitwayo kwa jina la Cobb yuleyule. Kitoboleo hufungua ganda gumu la mfupa, kisha kichunguzi butu husukumwa polepole ndani ya kikonyo. Mkono wa daktari husikiliza ukinzani: mfupa wa ndani hukwaruza kwa ulaini, ilhali kulegea kwa ghafla huashiria kwamba ukuta umetobolewa. Baada ya hapo, sindano nyembamba yenye ncha ya mviringo hupapasa kuta nne na sakafu ya tundu. Ukuta unaoelekea ndani hupakana na mfereji wa ugwe. Mbele ya pingili za kifua, hasa upande wa kushoto, kuna mshipa mkuu wa damu utokao moyoni.

6.0 Ulinzi wa ugwe

Mwaka 1973 Vauzelle, Stagnara na mwenzao wa Ufaransa walieleza jaribio la kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji: huagizwa kufumba mikono, kisha kusogeza miguu. Mikono ikitii na miguu isitii, ugwe uko hatarini. Leo mawimbi ya umeme ya hisi na ya mwendo hufuatiliwa muda wote wa upasuaji. Yakififia, timu hukagua vipandikizi, hulegeza urekebishaji na kupandisha shinikizo la damu.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kuwa vifaa havikukua kwa mstari mnyoofu wa ubora. Kila kimoja kilijibu kasoro ya kilichotangulia na kuzaa yake. Mtoto mdogo anadhihirisha jambo hili zaidi, kwa kuwa kuunganisha pingili zake ni kuzuia ukuaji wake. Fito zinazorefushwa kwa sumaku bila upasuaji wa mara kwa mara, zilizoripotiwa kutoka Hong Kong mwaka 2012, ni jibu mojawapo, nalo bado lina gharama zake. Kwa hiyo, idadi ya nyuzi zilizonyooshwa haitoshi kuwa kigezo pekee cha kifaa bora. Inapasa kuulizwa pia mgonjwa atasimamaje baada ya miaka 30, na kama ataingia chumba cha upasuaji akitembea na kutoka akiwa bado na uwezo wa kutembea.