Sumu Inayopikwa na Jua

Chuma jani moja la maharage, lile la chini lililokwisha kukomaa, ulitazame kwenye mwanga. Ukikuta vitone vidogo vya rangi ya shaba vimetapakaa upande wa juu, kana kwamba mtu amekung'utia brashi ya rangi, huku mishipa ya jani ikiwa bado kijani, ligeuze. Kama kwa chini kuna utando mwembamba kama wa buibui na vidudu vinavyotembea, huo ni utitiri, na dawa yake ipo duka la pembejeo. Lakini kama upande wa chini ni safi, usikimbilie dukani kwanza. Huenda jani hilo limeunguzwa na hewa.

Wakulima wa mboga wa kusini mwa California walikutana na mkasa wa namna hii mwaka 1944. Spinachi na saladi zilikuwa zikigeuka rangi ya fedha au shaba upande wa chini wa majani. Mboga ya majani huuzwa kwa sura yake. Ikishaingia makovu, mnunuzi hataki hata kuigusa. Wataalamu wa magonjwa ya mimea wa Riverside, mji wa hukohuko, walitafuta kuvu na bakteria, wasipate. Walikuwa na mgonjwa asiye na kimelea.

Moshi kuua mimea halikuwa jambo geni. Gesi ya salfa kutoka viwanda vya kuyeyusha madini ilikuwa inajulikana zamani, na uharibifu wake mtu huuona kwa macho. Nenda Lubumbashi, Kongo, ambako tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911: upande ambao upepo ulizoea kupeleka moshi, mahali kama Penga Penga, ardhi ilibaki karibu tupu, na kati ya mimea michache iliyostahimili ni nyasi zinazoivumilia shaba. Pale huhitaji mwanasayansi wa kukuonyesha mkosaji, bomba lake linaonekana toka mbali. Kule kusini mwa California, Los Angeles, hapakuwa na bomba la kunyooshewa kidole. Palikuwa na ukungu wa rangi ya kahawia, macho yanayowasha, na jua kali.

Aliyelifungua fumbo ni mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa Pasadena, jirani na Los Angeles, akichunguza kinachoipa nanasi harufu yake. Aliiacha kazi ya mananasi kwa muda, akavuta hewa ya mji kupitia mtego wa baridi kali, akapata matone ya maji ya kahawia yenye harufu mbaya. Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo la werevu zaidi: aliuliza mimea. Yeye na wenzake waliweka spinachi na mimea mingine ndani ya vyumba maalumu, wakaingiza mvuke wa petroli pamoja na ozoni. Majani yakatoa makovu yaleyale ya shambani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1952. Wataalamu waliolipwa na kampuni za mafuta walimpinga, naye kwa hasira akayaweka mananasi pembeni kabisa.

Alichogundua ni kwamba sumu hiyo haitoki kwenye ekzosi ikiwa tayari. Ekzosi hutoa malighafi tu: oksidi za nitrojeni, pamoja na mvuke wa petroli ambao haukuungua vizuri. Jua ndilo linalopika. Chini ya mwanga mkali malighafi hizo huzaa ozoni, gesi ileile ambayo huko juu sana angani hutukinga na miale hatari, lakini ikiwa usawa wa pua na wa majani ni sumu. Huzaa pia ndugu zake, mmojawapo ndiye hasa aliyekuwa akipaka spinachi rangi ya fedha kwa chini. Ozoni yenyewe hupenda kuacha alama zake upande wa juu, kama kwenye lile jani la maharage.

Na huingiaje? Kupitia mlangoni. Jani lina vitundu vidogo mno, stomata, ambavyo hufunguka mchana ili kuvuta kaboni dioksidi ya kutengenezea chakula. Ozoni hupita humohumo, na ikifika ndani hushambulia utando wa seli. Mmea hulazimika kutumia sukari yake kujitibu badala ya kuipeleka kwenye punje, na majani huzeeka kabla ya wakati. Mara nyingi havionekani hata vitone: shamba lina rangi nzuri tu, ila magunia yanapungua.

Hapa pana kejeli inayoniuma kila nikiifikiria. Mmea wenye kiu hufunga vitundu vyake ili usipoteze maji, hivyo ozoni nayo hubaki nje. Mmea uliomwagiliwa vizuri huviacha wazi mchana kutwa na kuivuta sumu kwa wingi. Mkulima aliyekopa pesa akanunua pampu anaweza kuumizwa zaidi na hewa chafu kuliko jirani yake anayengoja mvua.

Wala usidhani sumu hii hukaa mjini kwa wenye magari. Katikati ya mji, moshi mbichi wa ekzosi huila ozoni papo hapo. Hewa hiyo inapobebwa na upepo kuelekea mashambani, jua huendelea kuipika, na ozoni hupanda mchana ikiwa mbali na barabara. Misonobari ya milima ya San Bernardino, kama kilomita 100 kutoka Los Angeles, ilianza kuwa njano na kupukutika miaka ya 1950, na uchunguzi ukaonyesha ozoni ndiyo chanzo. Asiye na gari ndiye anayepokea bili.

Bili yenyewe si ndogo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kuwa mwaka 2000 pekee ozoni iliipotezea dunia kati ya tani milioni 79 na 121 za ngano, mahindi na soya, zenye thamani ya dola bilioni 11 hadi 18. Soya na ngano ndizo zilizoumia zaidi. Mahindi ni sugu kiasi. Maharage yamo kwenye kundi la wadhaifu, na sisi Afrika Mashariki maharage ndiyo kitoweo cha mwenye nacho na asiye nacho.

Jua tunalo. Magari yaliyochoka tunayo. Mioto ya kiangazi ya kusafisha mashamba na mbuga nayo hutoa malighafi zilezile. Satelaiti zimeiona ozoni itokanayo na mioto ya Afrika hadi juu ya Atlantiki ya kusini.

Kuna kipimo kisichohitaji umeme. Watafiti wa Marekani wana aina mbili za maharage, S156 na R123, ambazo kwenye hewa safi huzaa karibu sawa. Kwenye ozoni nyingi, S156 hujaa vitone na mavuno yake huanguka, huku R123 ikiendelea kuzaa. Ukizipanda bega kwa bega, hewa inajisema yenyewe. Bustani za namna hiyo zimepandwa shuleni na kwenye majumba ya makumbusho huko kwao, na sioni kwa nini shule yenye shamba la kujitegemea hapa kwetu isiwe nayo.

Nawe bwana shamba, bibi shamba, ukiletewa jani lenye vitone lisilo na mdudu, kabla ya kuandika jina la dawa, muulize mkulima mji uko upande gani na upepo wa mchana unavumia wapi.