Mistari saba ya AutoLISP kwa mchora viwanja

Mpango wa viwanja ukishachorwa kwa programu ya AutoCAD, hubaki kazi moja isiyohitaji fikra yoyote lakini inayokula siku nzima: kuandika eneo la kila kiwanja. Unaita amri ya AREA, unagusa mpaka, unasoma namba, unaita TEXT, unachagua mahali, unataja urefu wa herufi, kisha unaandika namba uliyoisoma. Unahamia kiwanja cha pili. Kwenye mpango wa viwanja 200, jicho litabeba namba mara 200 kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine, na mtu akichoka, 612 hugeuka 621. Namba hiyo itaingia kwenye hati, na mwenye ardhi atatozwa kodi ya pango kwa kuifuata.

Anayetaka kujifunza kuandika rutini zake mwenyewe ndani ya AutoCAD namshauri aanzie kwenye kazi ya namna hii, ambayo tayari anaifanya kwa mkono na anajua jibu lake sahihi. Rutini ni maagizo unayoyaandika, ukayapa jina, na programu ikayatii kama inavyotii LINE au COPY. Lugha yake, AutoLISP, imo ndani ya AutoCAD tangu Januari 1986, toleo la 2.18. Asili yake ni Lisp, lugha aliyoibuni John McCarthy kule MIT mwaka 1958. Kwa miaka mingi wenye AutoCAD LT, toleo la bei nafuu, walinyimwa lugha hii. Tangu LT 2024 nao wanayo. BricsCAD na ZWCAD pia zina Lisp ya kwao inayofanana nayo sana.

Ipo njia rahisi zaidi, ya skripti: faili yenye mwisho wa .scr, ndani yake amri zikiwa zimepangwa vilevile ambavyo ungeziandika kwa kibodi. Inafaa kwa kazi isiyobadilika, kama kufungua leya zilezile katika kila mchoro mpya. Uangalie nafasi tu, maana kila nafasi ndani ya skripti huhesabika kuwa umebonyeza Enter. Lakini skripti haiwezi kupima jambo na kuamua, na kazi ya viwanja inahitaji maamuzi.

Huhitaji kuandaa chochote ili kuonja AutoLISP. Kwenye mstari wa amri andika (* 20 30) ubonyeze Enter, nayo itajibu 600. Alama ya hesabu hutangulia, namba hufuata, na mabano hufunga yote. Sasa jaribu (/ 7 2). Jibu ni 3, kwa sababu namba nzima mbili zikigawanywa, sehemu iliyobaki hutupwa. Andika (/ 7 2.0) upate 3.5. Tofauti hii ndogo imeharibu hesabu nyingi za watu makini, kwa hiyo ishike mapema.

Fungua Notepad, wala usitumie Word, kwa kuwa Word hupinda alama za kunukuu na AutoLISP haizitambui zikiwa zimepindwa. Andika hivi, kisha uhifadhi kwa jina eneo.lsp:

(defun c:ENEO ( / kitu mahali m2)
  (setq kitu (car (entsel "\nGusa mpaka wa kiwanja: ")))
  (setq mahali (getpoint "\nOnyesha pa kuandika: "))
  (command "_.AREA" "_Object" kitu)
  (setq m2 (getvar "AREA"))
  (command "_.TEXT" "_non" mahali 2.5 0 (strcat (rtos m2 2 0) " m2"))
  (princ))

Rudi kwenye mchoro, ita APPLOAD, chagua faili yako, kisha andika ENEO. Herufi c na nukta mbili kabla ya jina ndizo zinazoifanya rutini iitike kama amri. Majina yanayofuata mkwaju ni vigeu vya ndani, ambavyo husahaulika kazi ikiisha ili visije vikagongana na vya rutini nyingine. Unapojifunza, futa kwanza hayo majina matatu, halafu baada ya kuendesha rutini andika !m2 kwenye mstari wa amri: utaona namba ambayo programu imeishika. Hakuna njia bora kuliko hiyo ya kujua kosa limeanzia wapi. Ukimaliza, yarudishe.

Setq huweka thamani ndani ya kigeu. Entsel humwomba mtumiaji aguse kitu, na car huchukua kitu chenyewe na kuiacha nukta alipogusa. Rtos hugeuza namba kuwa maandishi. 2 inataka desimali za kawaida, 0 inataka bila sehemu, yaani namba itakadiriwa hadi mita ya mraba iliyo karibu. Haya yote ni kweli iwapo mchoro uko katika mita. Aliyechora kwa milimita lazima agawanye kwa 1000000.0 kwanza. Na ile 2.5 ni urefu wa herufi: kwenye mchoro wa mita unaochapwa kwa skeli ya 1:1000, hutoka milimita 2.5 kwenye karatasi.

Neno "_non" linaonekana dogo, lakini bila hilo snapu iliyowashwa inaweza kuyavuta maandishi yako hadi kwenye pembe ya kiwanja iliyo karibu. Amri zinazoitwa na rutini hutii mipangilio yote ya mchoro kama vile ungekuwa unaandika wewe. Kwa sababu hiyohiyo, TEXT ina mtego wake. Kama mtindo wa maandishi unaotumika umewekewa urefu wa kudumu, amri haitauliza urefu. Ile 2.5 itachukuliwa kuwa pembe ya mzunguko, 0 itaandikwa kwenye mchoro kama maandishi, na eneo lako litatupwa kwenye mstari wa amri, ambako programu itasema haiijui amri hiyo. Ukiona sifuri zimelala mshazari kidogo juu ya viwanja, angalia mtindo wa maandishi kabla ya kuulaumu msimbo.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani. Tuseme mtumiaji amekosea kugusa, kipanya kikaangukia pasipo na kitu. Kitu kitakuwa nil, yaani hakuna, na nil ikipelekwa kwa command huikatiza amri. AREA inavunjika, lakini rutini inasonga mbele na kusoma thamani ya AREA, ambayo bado imeshika eneo la mwisho lililopimwa. Kiwanja hiki kinaandikiwa eneo la jirani yake, kwa herufi safi, bila onyo lolote. Aliyekuwa akikosea kwa mkono alikosea mara moja moja. Rutini isiyo na ulinzi hukosea kwa mwandiko unaoaminika. Ndiyo maana nakataa ushauri wa kuandika haraka na kuongeza ulinzi baadaye. Ulinzi uingie siku hiyohiyo:

(if (and kitu mahali (= (cdr (assoc 0 (entget kitu))) "LWPOLYLINE"))

Mstari huu unakaa kabla ya AREA, na yote yanayofuata hadi TEXT yanafungwa ndani ya progn, inayoyafanya yahesabike kama agizo moja. Entget hutoa orodha ya kila kinachojulikana kuhusu kitu, na namba 0 katika orodha hiyo ni aina yake. Tunakubali polilaini tu. Mpaka uliochorwa kwa mistari mmojammoja hauna eneo, na AREA ingeendelea kumsubiri mtumiaji huku maagizo yanayofuata yakiingia ndani ya amri ambayo haijaisha. Polilaini iliyoachwa wazi nayo hupewa eneo, kwa sababu AREA huichukulia kana kwamba imefungwa kwa mstari ulionyooka. Kama ofisi yenu inadai mipaka iliyofungwa, pima pia namba 70 katika orodha hiyohiyo.

Kabla ya kuipeleka kazini, chora mstatili wa mita 20 kwa 30 na uone kama utapata 600. Chukua pia viwanja vichache vya mradi uliokwisha kukaguliwa ulinganishe.

Neno kuhusu faili za kuazimwa, maana rutini husafiri kwa flashi na WhatsApp kutoka ofisi hadi ofisi. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilitangaza kuwepo kwa Medre, mnyoo ulioandikwa kwa AutoLISP, ulioenea zaidi Peru na kutuma michoro ya watu kwa baruapepe hadi akaunti zilizokuwa China. Ulikaa katika folda ya mchoro, ukapakiwa wenyewe mchoro ulipofunguliwa. Siku hizi AutoCAD ina mpangilio wa SECURELOAD unaokuonya faili ikitoka nje ya folda ulizoziamini. Uache ukiwa umewashwa, na folda ya rutini zako uiingize kwenye TRUSTEDPATHS. Faili ya mtu mwingine ifungue kwa Notepad uisome kwanza.

ENEO ikishatulia, hatua inayofuata ni ssget, inayochagua viwanja vyote kwa mkupuo, na repeat ya kupita kimoja baada ya kingine. Hapo getpoint lazima iondoke, kwa kuwa hakuna atakayeonyesha mahali mara 200, na rutini itabidi itafute katikati ya kila kiwanja. Kwa mstatili, wastani wa pembe zake nne unatosha. Kwa kiwanja chenye umbo la L, wastani huo unaweza kuangukia nje ya mpaka, ndani ya kiwanja cha jirani, na viwanja vya namna hiyo itafaa viachwe kando, rutini ivihamishie kwenye leya ya peke yake ili mchoraji aviandike mwenyewe.