Kazi Shimanzi, Nyumba Mtongwe

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, watu wengi huondoka katika vijiji vya ng'ambo ya kusini ya Mombasa kwenda kisiwani kutafuta riziki. Baadhi yao huelekea Shimanzi, mahali pa matangi ya mafuta, maghala makubwa, na malori yaendayo na kutoka bandari ya Kilindini. Mtu aliyeshinda huko kutwa, katika joto la mabati na harufu ya mafuta, si ajabu jioni akitamani kulala penye miti.

Mtongwe miti ipo. Kuna minazi, miembe na mikorosho; barazani hupita upepo wa bahari, na mwenye uwanja nyuma ya nyumba aweza kufuga kuku na kupanda mihogo yake. Kisiwani, chumba cha kupanga aghalabu hakina hata kibaraza. Wala shida hiyo si ngeni: wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwezi wa Januari 1947, uhaba wa nyumba ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Anayewashangaa wakaao mbali na kazi zao na alale kwanza usiku mmoja wa Februari chini ya bati.

Walakini kati ya kivuli na kazi pana maji. Feri ya Likoni imekuwa ikivusha watu tangu 1937, na aendaye kwa miguu halipi kitu. Ila hana budi kuukatiza usingizi wake, maana achelewaye hukuta umati umekwisha kujaa gatini.

Mtongwe nayo ilikuwa na feri yake. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, chombo kilichofanyizwa kuchukua watu 300 kilipakiwa zaidi ya 400, wengi wao wakienda kazini kisiwani. Kilipinduka karibu na nchi kavu, wakafa watu 272. Zilikuwapo nyumba ambamo mwenye kuleta mshahara hakurudi tena.

Hata hivyo kijiji hakikuhamwa. Wenye mashamba walibaki, na wapangaji wakazidi kuja, wote wakiyajua yaliyotokea. Jioni feri igusapo gati la Likoni, watu hushuka mbio kuwahi matatu. Atanguliaye kufika nyumbani hukuta mwanga bado unatosha kumwagilia mchicha.