Japani: Je, michango ya mashabiki inatosha kulipia mwendelezo wa mchezo wa video?

Mwaka 2015, mashabiki 69,320 kutoka pembe mbalimbali za dunia walichanga zaidi ya dola milioni 6.3 za Kimarekani ili mchezo wa video wa Kijapani, uliokatizwa katikati ya hadithi, upate sehemu yake ya tatu. Sehemu hiyo ilitoka miaka minne baadaye, lakini hadithi haikuisha. Kisa cha Shenmue kinaonesha kwa nini biashara ya kuendeleza mchezo unaopendwa mno na watu wachache ina hesabu ngumu.

Mwanzo wa gharama kubwa

Shenmue ya kwanza iliuzwa Japani kuanzia Desemba 1999, kwa ajili ya mashine ya Dreamcast ya kampuni ya Sega. Mtunzi wake, Yu Suzuki, alisimulia habari za kijana Ryo Hazuki wa mji wa Yokosuka, anayemsaka muuaji wa baba yake. Mchezaji aliweza kutembea mitaani, kuingia madukani na kuzungumza na wapita njia, jambo lililokuwa geni wakati huo.

Uhuru huo uligharimu fedha nyingi. Suzuki alieleza mwaka 2011 kwamba utengenezaji ulifikia dola milioni 47. Nakala zilizouzwa zilikuwa takriban milioni 1.2. Kwa mchezo wa kawaida hayo yangekuwa mafanikio, lakini kwa gharama hiyo hayakutosha. Aidha, wanunuzi walikuwa na mpaka: asiye na Dreamcast hakuwa na sababu ya kununua mchezo, na mashine zote zilizouzwa duniani zilikuwa kama milioni 9 tu. Sega iliacha kuitengeneza mwaka 2001. Sehemu ya pili ilitoka mwaka huohuo, kisha kukawa kimya.

Haba na haba

Kimya hicho kilivunjwa Juni 2015, pale Suzuki alipotangaza kwenye maonesho ya michezo ya video nchini Marekani kwamba angechangisha fedha kupitia mtandao wa Kickstarter. Lengo lilikuwa dola milioni 2, nalo lilifikiwa kabla ya siku moja kuisha. Hadi kampeni inafungwa, kila mchangiaji alikuwa ametoa wastani wa dola 91 hivi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikuwa na matundu. Kwanza, Kickstarter hukata asilimia 5 ya fedha zinazopatikana, na juu yake yapo makato ya malipo ya kadi. Pili, wachangiaji waliahidiwa zawadi, na zawadi za kushikika hugharimu fedha kuzitengeneza na kuzisafirisha. Tatu, aliyechangia dola 29 alikuwa tayari ameagiza nakala yake. Siku ya mauzo, mashabiki waaminifu zaidi hawakuwa wateja tena, kwa kuwa fedha zao zilikwisha kutumika.

Ukubwa wa pengo unaweza kuonekana kwa mfano wa makadirio tu. Studio yenye wafanyakazi 40, ambayo kila mmoja anaigharimu dola 6,000 kwa mwezi pamoja na ofisi na vifaa, hutumia dola 240,000 kila mwezi. Baada ya kuondoa makato ya asilimia 10, dola milioni 6.3 zingeiendesha kwa miaka miwili hivi. Shenmue III, iliyoahidiwa mwishoni mwa 2017, ilitoka Novemba 19, 2019.

Wenye mitaji waingia

Kwa hiyo michango haikuwa bajeti yote. Sony ilisaidia toleo la PlayStation 4, na mwaka 2017 kampuni ya Deep Silver ikajiunga kama msambazaji. Katika hali kama hiyo, kampeni ya umma hufanya kazi nyingine muhimu: humthibitishia mwenye mtaji kwamba wanunuzi wapo.

Hata hivyo, mwenye mtaji huja na masharti yake. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba toleo la kompyuta lingepatikana kwa mwaka mmoja katika duka la mtandaoni la Epic pekee. Wakati huo duka hilo lilikata asilimia 12 ya mauzo, ilhali kiwango kilichozoeleka kwingine kilikuwa asilimia 30. Kwa nakala ya dola 50, mtengenezaji na msambazaji walibakiwa na dola 44 badala ya 35. Kibiashara uamuzi huo ulieleweka. Wachangiaji wengi, ambao walitarajia kuupata mchezo kupitia duka la Steam, waliuona kuwa ni kuvunja ahadi, na ahadi ni deni. Baada ya malalamiko makali, walipewa nafasi ya kudai fedha zao.

Tukio hilo lilidhihirisha nafasi halisi ya mchangiaji. Yeye si mwanahisa: mchezo ukifanikiwa hapati gawio, na ukichelewa hana kura. Anabeba hatari kama mwekezaji, lakini hulipwa kama mteja.

Hadithi isiyo na mwisho

Mchezo ulipotoka, mauzo ya nakala nchini Japani katika wiki ya kwanza yalikuwa chini ya 20,000. Suzuki aliupendelea mtindo wa zamani, jambo lililowafurahisha waliosubiri, lakini likawapa wageni sababu chache za kuingia. Hapo ndipo ulipo mtego wa mwendelezo wa aina hii: ukibadilishwa mno unawaudhi waliouchangia, na usipobadilishwa unabaki na walewale, ambao wengi wao wamekwisha kulipa.

Ryo bado hajalipiza kisasi chake, na Suzuki amesema mara kadhaa kwamba angependa kuendelea. Sehemu ya nne ingehitaji gharama ndogo zaidi, au wateja wapya, au mwenye mtaji aliye tayari kupata faida kidogo. Mapenzi ya mashabiki yameshathibitika, lakini idadi yao ndiyo itakayoamua.