Elimu ya Uchumi Jumla: Kwa Nini Taifa Halihesabiwi Kama Nyumba

Akiba haiozi. Neno hilo huambiwa watoto tangu wangali wadogo, na hakuna mama mwenye nyumba asiyeujua ukweli wake, kwani fedha iliyowekwa leo ndiyo italipa ada ya shule kesho. Hata hivyo, mwanafunzi wa uchumi aingiapo mwaka wa pili wa chuo kikuu hukutana na somo linalomweleza jambo la ajabu. Nyumba zote zikizidisha akiba kwa wakati mmoja, huenda taifa lisipate hata senti moja ya akiba zaidi, na juu ya hayo pato la watu likapungua.

Somo hilo ni uchumi jumla wa ngazi ya kati. Uchumi jumla ni elimu ya kuchunguza mambo ya taifa zima kwa pamoja: pato la nchi, ajira, bei, riba na thamani ya fedha yake mbele ya fedha za kigeni. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi hufundishwa maana ya mambo hayo na namna ya kuyapima. Katika mwaka wa pili hutakiwa aonyeshe jinsi kila moja linavyolisukuma jingine, na hapo ndipo wengi hukwama.

Na uchukuliwe mfano wa mji mdogo ambao watu wake hutumia shilingi 80 katika kila shilingi 100 wazipatazo, na kuweka 20. Wafanyabiashara wa mji huo hutumia shilingi 200 kujenga maghala na kununua mashine. Kwa kuwa fedha aitumiayo mmoja ndiyo pato la mwingine, hesabu ya mji hukaa sawa pato likiwa shilingi 1,000: watu hutumia 800, wafanyabiashara 200, na akiba ni 200. Sasa watu wote wanaamua kuweka 25 katika kila 100. Muuza vitambaa anauza kidogo. Fundi cherehani anakosa kazi. Naye anapunguza kununua nyama. Pato linashuka mpaka kufikia shilingi 800. Robo ya 800 ni 200. Akiba imebaki ile ile ya awali, lakini shilingi 200 za pato zimepotea.

Hoja hiyo ilipata nguvu kutokana na kitabu alichokitoa Mwingereza John Maynard Keynes mwaka 1936, wakati nchi nyingi zilipokuwa zimejaa watu wasio na kazi. Mwaka uliofuata John Hicks aliiweka katika mchoro wa mistari miwili, ambayo leo huitwa IS na LM: wa kwanza ni wa soko la bidhaa, wa pili ni wa soko la fedha. Hadi sasa mchoro huo ungali ukifundishwa katika vyuo vingi.

Hata hivyo somo haliishii hapo. Katika mfano ule wafanyabiashara walidhaniwa kuwa hawabadili mipango yao. Riba ikishuka, wao nao wakakopa na kujenga zaidi, upungufu huo waweza kuzibwa. Tena Mmarekani Robert Solow alionyesha mwaka 1956 kwamba, katika miaka mingi, akiba hugeuka kuwa mashine na viwanda, na taifa liwekalo zaidi laweza kufikia pato kubwa zaidi kwa kila mtu. Wazee basi hawakukosea. Jambo moja laweza kuwa hasara mwaka huu na faida baada ya miaka 20, na mwanafunzi lazima aulize kila mara ni muda gani unaozungumzwa.

Yafaa pia kutazama upande wa serikali. Nyumba ikipungukiwa na fedha haiwezi kuchapa noti, bali serikali yaweza kukopa kutoka Benki Kuu yake, na noti zikatoka. Jirani yetu Uganda alionja matunda ya jambo hilo. Mwezi Mei mwaka 1987 serikali ilitoa shilingi mpya. Kila shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1, na asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi wakati wa kubadilisha. Sifuri mbili ziliondoka, lakini mfumuko wa bei haukuondoka. Kwa mwaka huo ulikuwa kiasi cha asilimia 200, maana yake kitu cha shilingi 10 kilielekea kuwa cha shilingi 30. Fedha ziliendelea kuingia mikononi mwa watu upesi kuliko bidhaa zilivyoingia madukani.

Mwaka 1992 wizara ya fedha na wizara ya mipango ziliunganishwa, na Emmanuel Tumusiime-Mutebile akawa katibu mkuu wake. Mtu huyu alikuwa kiongozi wa wanafunzi Makerere, akaikimbia nchi mwaka 1972, akamalizia shahada yake ya kwanza Durham, Uingereza, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utaratibu uliowekwa ulikuwa mkali: wizara zisitumie kuliko makusanyo. Kufikia mwaka 1993 mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 10. Mwaka 2001 alikuwa gavana wa Benki Kuu ya Uganda, na alishika kazi hiyo mpaka alipofariki mwezi Januari 2022.

Msomaji ataona kwamba somo hili halikai darasani tu. Wanaolisoma leo ndio watakaoandika bajeti kesho, na kosa lao litalipwa na mnunuzi wa sabuni na mafuta ya taa. Kwa hiyo ni hatari mwanafunzi kukariri upande ambao mstari husogea, akapata alama zake na kusahau. Inafaa kila mchoro ausimulie kwa maneno ya kawaida: ni nani aliyebadili uamuzi wake, pato la nani limeguswa, na baada ya muda gani. Kisha aweke tarakimu, kama zile za mji wetu, ahesabu kwa mkono mpaka zikae sawa.

Mnamo mwaka 1949 Bill Phillips, mhandisi kutoka New Zealand, alisaidiwa na Walter Newlyn kuunda mashine iliyoonyesha pato la taifa kwa maji ya rangi yakipita katika mirija na matangi. Mwanafunzi asiye na mashine hiyo anaweza kuchora matangi katika daftari: moja la nyumba, moja la wafanyabiashara, moja la serikali, moja la nchi za nje. Akifunga bomba moja, afuatilie kila tangi kwa zamu, hata lile la mwisho, kabla ya kuandika jibu lake.