Batri Mpya? Tulia, Pima Kwanza

Mandugu wa moto pale Nyawera, Bukavu, sikieni. Klaksoni inakohoa, indiketa zinawaka kivivu, stata imegoma, na msee ashaanza kuhesabu franga za batri mpya. Acha kwanza. Batri zikikufia mbili mfululizo, cheki njia ya chaji kabla ya kulaani duka.

Noma ya moto nyingi ndogo ni kwamba ukipiga kiki zinawaka hata batri ikiwa maiti. So unabeba watu Kadutu mpaka Panzi, injini iko fiti, kumbe batri imekauka kitambo. Na Bukavu haina huruma: milima, mashimo, foleni. Injini ikizunguka polepole chaji inakuja kiduchu, na hapo ushafunga LED za swagga na spika ya muziki. Zitakula wapi?

Mwambie fundi atoe multimeta. Kama hana, aazime. Ile ya kuchomoa waya wa batri injini ikinguruma, ati "tuone kama inachaji", ni ushamba. Inaweza kuchoma regulateri na balbu zote.

Anza na vichwa vya batri. Vikilegea au vikiota ule unga, safisha, kaza. Mara nyingi stori inaishia hapo na hujatoa hata franga. Halafu weka mita kwa volti za DC. Batri iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6 kupanda juu. Washa, piga resi: inafaa ifike karibu 14. Ikiganda kwa 12 na kitu, chaji haifiki. Ikipita 15, regulateri imelewa, inaichemsha batri yako.

Haipandi? Cheki fyuzi, kisha chomoa soketi ya regulateri, geuza mita iwe AC, upime nyaya zinazotoka kwa bobini ya chaji, ile inayozungukwa na sumaku pembeni ya injini. Volti zikipanda na resi, bobini iko poa; mshukiwa ni regulateri, ama waya wake wa masi. Zikilala, mshukiwa ni bobini ama nyaya zake. Ila kuna moto ambazo bobini imefungwa kwa masi toka kiwandani, so mita ikionyesha bobini imeshikana na masi, fundi asikuimbie "imepiga shoti" kabla hajajua modeli yako.

Na akikataa kupima, huku anakusukumia batri tu, piga kiki uende kwa fundi mwingine.