Kabla ya Kujenga Jukwaa, Tuandike Majina

Jumapili moja baada ya ibada tulibaki watu kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa hapa Bungu, huku juu milimani, wilaya ya Korogwe. Jambo la kuzungumza lilikuwa moja. Novemba 2028 itatimia miaka 50 tangu Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba tumeingia vitani na Idi Amin. Tulitaka na sisi, watu wa kijijini, tuiadhimishe siku hiyo kwa heshima.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Baba mmoja alitaka maturubai mawili, mwingine akataja spika na jenereta. Vijana wa kwaya waliomba fulana. Sisi akina mama, kama kawaida yetu, tukaanza kupiga hesabu ya mchele na nyama. Ikabaki kumpata mgeni rasmi tu.

Nyuma ya ukumbi alikuwa ameketi bibi mmoja, akimsubiri mjukuu wake amalize mazoezi ya kwaya. Hakuwa mjumbe wa kamati. Alinyanyua mkono polepole, kama mtoto wa shule.

"Wanangu, mnisamehe," alisema. "Hayo mnayopanga ni mazuri. Lakini mwanangu mtamwandika wapi?"

Tukatazamana. Mwana yupi? Bibi huyo tumempima presha kwa miaka mingi. Twajua dawa anazokunywa, twajua na goti linalomsumbua wakati wa baridi. Hatukujua kwamba kifungua mimba wake aliondoka na mgambo mwaka 1978 na hakurudi. Hatukujua kwa sababu hatukuwahi kumwuliza.

Ndiyo maana tumeandika makala hii. Wapendwa akina mama, huenda hata kwenu mnafikiria kuadhimisha miaka hiyo 50. Tafadhali msianze pale tulipoanzia sisi.

Vita vilivyotufikia majumbani

Wengi wetu tulio katika miaka ya arobaini tulizaliwa vita vikiwa vimekwisha au vinakaribia kwisha. Tuliyoyajua tumeyasikia kwa wazazi. Basi tukumbushane kwa kifupi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo letu lililo kaskazini ya mto Kagera. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikaporwa, na daraja la Kyaka likabomolewa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu alihutubia taifa. Jeshi peke yake halikutosha, kwa hiyo wakaitwa mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa kutoka mikoa mbalimbali. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na mapema Juni mwaka huo mapigano yakamalizika kabisa.

Kagera ni pembe nyingine kabisa ya nchi. Kutoka Usambara mtu husafiri siku nzima na zaidi, hata kwa barabara za leo. Kwa mama wa mlimani mwaka 1978, kumpeleka mwana Kagera kulikuwa kama kumpeleka ng'ambo ya bahari. Hapakuwa na simu ya mkononi. Palikuwa na redio ya jirani, na barua ambayo pengine ilifika na pengine haikufika.

Na vita havikuishia Kagera. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Kila mama aliyelea watoto wakati ule anajua kwamba shida ilipita miezi hiyo kwa mbali. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na khanga vilitafutwa kwa foleni. Mwanamke aliyebaki nyumbani na watoto wanne, mumewe yuko mstari wa mbele, alilima peke yake na kuuguza peke yake. Naye alikuwa vitani. Je, katika maadhimisho yetu atatajwa?

Vita vilivyosahauliwa chini ya mlima wetu

Pengine utasema: "Majina yapo serikalini, sisi tuyaandike ya nini?" Ni kweli kwamba serikali ina kumbukumbu zake. Kule Kaboya, mkoani Kagera, yapo makaburi ya mashujaa wetu zaidi ya 600. Na kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa, ambapo huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua. Lakini Kaboya ni mbali. Mama wa Bungu hawezi kwenda kung'oa majani kwenye kaburi la mwanawe jioni, akitoka shamba.

Tena tunayo sababu nyingine ya kuandika, nayo iko hapa hapa chini ya mlima. Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliwafukuza Wajerumani kufuata mto Pangani. Korogwe ikatekwa katikati ya mwezi huo, na Handeni siku chache baadaye. Mizigo ya majeshi yote mawili ilibebwa vichwani na mabegani na Waafrika. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki. Sisi wauguzi tunapoyasoma hayo tunaumia zaidi, maana wengi wao hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Ni maradhi ambayo maji safi, chakula na blanketi vingeyapunguza sana.

Majina yao yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kila mmoja wao alikuwa na mama. Mama huyo alilijua jina la mwanawe, lakini hakuna aliyekuja kumwuliza. Mama akafa, na jina likaenda naye.

Sasa tufanye hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 atakuwa na miaka 70 mwaka 2028. Mjane aliyekuwa na miaka 30 atakuwa na miaka 80. Mama aliyekuwa na miaka 40 atakuwa na miaka 90, kama Mungu atamjalia kufika. Maturubai hukodishwa hata wiki moja kabla ya sherehe, lakini majina hayawezi kungoja.

Namna tulivyopanga upya

Baada ya swali la bibi tuliifunga karatasi ya bajeti, tukaanza tena. Haya ndiyo tuliyokubaliana. Huenda yakakufaa na wewe.

Kwanza, daftari. Tumegawana vitongoji, wawili wawili. Kila nyumba tunauliza: Nani aliondoka hapa kwenda Kagera? Alirudi? Nani alibaki akimsubiri? Tunaandika jina kamili, jina la baba na la mama, mwaka aliozaliwa ukijulikana, na yote ambayo familia ingependa yakumbukwe. Kabla jina halijaandikwa kwenye ubao wa kudumu tutalipeleka kwa serikali ya kijiji na kwa mshauri wa mgambo wa wilaya lihakikiwe. Kosa la herufi moja kwenye jina la marehemu huumiza.

Pili, tusimlazimishe mtu kusema. Wapo waliorudi wakiwa wazima wa mwili lakini moyo ukabaki kule. Katika kazi yetu tumewaona wazee wanaoshtuka mlango ukibamizwa, wasiolala usiku, na wengine waliokimbilia pombe. Wake zao waliyabeba hayo kimya miaka yote, wakidhani ni ukali wa tabia. Ukimtembelea mzee wa namna hiyo, keti naye. Akitaka kusimulia, msikilize bila kumkatiza. Akinyamaza, mzungumzie mahindi yake, urudi siku nyingine. Usingizi ukiwa umempotea kabisa, au akisema amechoka kuishi, msaidie afike kituo cha afya. Hilo ni jambo la kutibiwa, wala si la aibu.

Tatu, siku yenyewe iwafae wazee. Vijana walitaka baruti na fataki ili ionekane ni vita kweli. Tumekataa. Mlio ule unaweza kumrudisha mzee mahali asipotaka kurudi. Wajane na wazazi watakaa viti vya mbele, kivulini, si viongozi peke yao. Hotuba ziwe fupi. Maji ya kunywa yawepo, choo kiwe karibu, na muuguzi awepo na kipimo cha presha. Wenye kisukari wasicheleweshewe chakula hadi saa tisa wakimngoja mgeni rasmi.

Nne, tushirikiane wote. Waliokwenda Kagera walikuwa Waislamu na Wakristo, wakalala katika handaki moja. Kwa hiyo kamati imeongezwa. Yumo sheikh na mchungaji, yumo mwalimu wa shule ya msingi, na wamo wajane wawili. Dua na sala zitafanyika pale pale uwanjani, si kanisani, ili asibaki mtu nje.

Tano, tuwafundishe watoto bila kupanda chuki. Waganda wengi waliteswa na kuuawa na utawala wa Amin, na wapo Waganda waliopigana bega kwa bega na wanajeshi wetu. Mtoto asiende nyumbani akiamini kwamba jirani ni adui. Wanafunzi watapewa kazi ya kumwuliza babu au bibi swali moja na kuandika jibu kwenye daftari la shule.

Mwisho, fedha. Fulana huchakaa, pilau huisha siku ile ile. Tumekubaliana kwamba sehemu kubwa ya michango iende kwenye ubao wa majina na miche ya miti, mti mmoja kwa kila jina. Kila familia itautunza wake. Mama asiyeweza kufika Kaboya atakuwa na mahali pa kusimama.

Mama aliyelinda mifupa

Katika Biblia yuko mama mmoja ambaye hatumtaji mara kwa mara. Anaitwa Rispa, nasi twamsoma katika 2 Samweli sura ya 21. Wanawe wawili waliuawa na miili yao ikaachwa mlimani. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama wa mwitu usiku. Hakuwa na cheo wala kamati. Lakini habari zake zilimfikia mfalme Daudi, naye akaagiza mifupa ikusanywe na kuzikwa kwa heshima.

Bibi yetu wa nyuma ya ukumbi ni Rispa wa Bungu. Miaka karibu hamsini amelinda jina bila gunia wala mwamba.

Juma lililofuata tulikwenda nyumbani kwake na daftari jipya. Alituketisha jikoni karibu na moto, maana nje palikuwa na ukungu. Akalitaja jina la mwanawe, nasi tukaliandika ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Alituambia kwamba kijana alipenda kupiga mluzi akichunga mbuzi, na kwamba siku ya kuondoka alikula ndizi za kuchemsha, akabakiza mbili, akasema atazimalizia akirudi.

Bibi hajui kusoma. Akatuomba tumsomee tulichoandika. Tukamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Someni tena."

Tukasoma tena.

Mama msomaji, jirani yako mzee ana jina gani moyoni ambalo hajawahi kuulizwa? Chukua daftari leo, umtembelee kabla jua halijatua. Jukwaa litajengwa baadaye.